Gari Lililogongwa Italia

Jumamosi nilikuwa kwenye gereji moja ya mtaa wa Bertrams. Mkenya anayefanya kazi Sandton alikuwa akipapasa gari dogo la zamani la michezo alilolinunua majuzi.

"Fundi, hii imegongwa. Digadi ya kushoto, hili bati la juu ya gurudumu, imevimba kuliko ya kulia. Nyoosha zifanane."

Fundi, Mkongo wa Lubumbashi, hakushika nyundo.

"Hata mie nilifikiri hivyo, patron, mpaka nilipotoa rangi. Si uliniambia karakana ya Italia iliyolitengeneza ilikuwa ndogo?"

"Ndogo sana. Wakati huo vita vya dunia vilikuwa vimeisha juzijuzi, hawakuwa na mashine. Walifinyanga bati kwa nyundo, kwa macho tu. Haikudumu, ilifungwa."

"Basi angalia alama. Huyu wa kushoto alipiga nyundo karibu karibu, yule wa kulia mbali mbali. Ni watu wawili. Nikinyoosha, nawafuta."

"Eish."

Mwenye gari alisimama mbele ya gari, akaweka kiganja kimoja kwenye kila digadi, akafumba macho.

"Acha hivyo hivyo," alisema polepole.

Kiswahili chetu kina neno moja, kugonga, kwa ajali na kwa kazi ya nyundo. Siku ile nusura litupotezee watu wawili.