Kidole Kisichovimba

Wamucii ameuza nyanya katika soko la Kibuye tangu ahamie Kisumu na mumewe Chege, na misumari ya makreti imemchoma mara nyingi. Kila mara kidole kilivimba, kikawaka moto, kikatunga usaha, halafu kikapona. Hakuwa na habari nacho.

Safari hii kilikaa kimya. Tundu dogo jeusi tu, basi.

"Una bahati, Mama Wendy," alisema Rosa, muuza omena wa meza ya pili. "Hata hakijavimba."

Wamucii alikitazama tena kidole. Wiki iliyotangulia alikuwa ametundikiwa dawa ya saratani ya matiti, na nesi Nekoye alimwonya kwamba dawa hiyo hupunguza pia seli nyeupe za damu, zile zinazokimbilia jeraha vijidudu vikiingia. Uvimbe, joto na usaha ni dalili kwamba ziko kazini.

"Zikikosekana, vijidudu vitapita bila kelele," Nekoye alisema. "Ukisikia homa, usimeze Panadol ukalala. Njoo mbio."

Wamucii alijigusa shingo. Ilikuwa moto. Pengine ni jua, alijiambia. Alipanga nyanya, akazipangua, akazipanga tena. Kisha meno yakaanza kugongana, na wenzake wote wanajipepea.

"Rosa, niangalizie meza. Na umpigie Baba Wendy, niko hospitali."

"Kwa sababu ya kidole hicho?"

"Hicho hicho."

Hospitalini walimpima damu, wakamwekea dripu ya antibiotiki bila kungoja majibu. Majibu yalipokuja, seli nyeupe zilikuwa zimebaki chache mno. Chege alisimama kando ya kitanda, hajui aweke wapi mikono.

"Nikizidiwa, Wendy asiletwe hapa," Wamucii alimwambia.

"Wacha maneno hayo."

Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Kila kulipokucha alikitazama kidole, na kila mara kilikuwa vilevile, kimenyamaza. Akaogopa hata kusinzia.

Asubuhi moja aliamshwa na maumivu. Kidole kilikuwa kimefura, ngozi inang'aa, kinapwita. Akaita kwa hofu. Nekoye akaja, akakibonyeza.

"Inauma?"

"Sana, sister!"

"Mungu ni mwema," Nekoye alisema, akacheka. "Seli zako zimerudi."

Chege, aliyekuwa kando ya kitanda, alinyoosha mkono akiguse, naye Wamucii akakivuta upesi. Alikuwa akitabasamu, ingawa alijua dozi nyingine ya dawa ya saratani inamngoja.