Maumivu Namba Ngapi Leo?

Sumaku alikuwa golikipa ambaye mpira ukimfikia mikononi umefika nyumbani, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Lakini siku moja alijirusha vibaya akaangukia mgongo, na kuanzia hapo hata kufunga kamba za viatu ikawa kazi ya mkewe.

Klabu ikampeleka kwa mama mmoja mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo. Kila alipomlaza kifudifudi kwenye kile kitanda chembamba chenye tundu la uso, mama yule aliuliza kwanza: "Maumivu namba ngapi leo, sifuri mpaka kumi?"

"Mbili," alijibu Sumaku, akiuma meno.

Ilikuwa tisa. Lakini golini alishasimama kipa mwingine, na nani amrudishe uwanjani mtu wa tisa?

"Baba watoto, mwambie ukweli yule mama," mkewe alimsihi.

"Wewe mpira unaujulia wapi?" akafoka.

Zile mbili zikaandikwa kwenye kadi wiki baada ya wiki, mpaka mama akaziamini, akamruhusu kucheza. Mechi ya kwanza tu Sumaku alijirusha, akaudaka mpira, na hakuinuka.

Leo amelala kwenye kitanda kilekile, mkewe pembeni amempakatia viatu. Mama anamchoma unyayo wa kushoto kwa ncha ya kalamu, kisha anakandamiza kwa nguvu.

"Ngapi, baba?"

Sumaku anasubiri, akiiomba hata moja ije.

"Sifuri," anasema, na tangu aanze kuja humu, hilo ndilo jibu lake la kwanza la kweli.