Tairi Mgeni

Mwendesha boda mmoja wa steji ya Kiamaiko akishafunga tairi mpya, hana haraka na mtu. Huipapasa kwa kiganja, na ikiwa bado inateleza kama sabuni, hutikisa kichwa. Kwenye kona huilaza pikipiki kidogo tu, kesho kidogo zaidi, kama mtu anayeonja chai ya moto. Wenzake humcheka. "Buda, umebeba mayai?" Jackton huuliza, naye hujibu kwamba tairi ni mgeni, haijazoea lami. Siku hizo habebi abiria. Hubeba mbuzi waliochinjwa tu, amewafunga nyuma kwa mpira.

Asubuhi moja ya manyunyu, tairi ikiwa bado mpya, mkewe alifika stejini, tumbo limeshuka, mkoba wa nguo za mtoto mkononi, akielekea kliniki. Alipoinua mguu apande, mumewe alimzuia, akampigia Jackton mluzi ampeleke yeye.

"Yaani mbuzi unabeba, mimi unanikataa?" mke akafoka, steji nzima ikageuka.

Mumewe alikuwa akiufunga mkoba kwenye pikipiki yake, awafuate polepole. Hakuinua macho.

"Mbuzi ameshakufa, Mama Annah."