Ugali wa Mkono wa Kushoto

Ndugu zangu mnaoniona nimesimama hapa mbele, mnivumilie kidogo, mdomo huu bado hupinda nikichoka. Mimi ni Mama Atupele, wa hapa hapa Mlowo.

Kabla ya kuugua nilikuwa mama lishe jirani na maghala ya mazao. Nilisonga ugali wa wapakiaji thelathini kwa sufuria moja, na nisiwafiche, nilijivuna. Presha niligunduliwa mapema, nikapewa vidonge. Nikavimeza, nikajisikia mzima, nikaviacha. Nilisema dawa ni ya mgonjwa.

Asubuhi moja nachota unga, kikombe kikanidondoka. Nikainama kukiokota, vidole havishiki. Mguu wa kulia ukaisha nguvu, nikakaa chini. Mate yakatoka upande mmoja, mkojo nao ukatoka, wapakiaji wananitazama. Aibu ile niliisikia kuliko ugonjwa wenyewe.

Hospitalini daktari akasema, "Mama, ni kiharusi. Kujisikia vizuri si kupona presha. Dawa hizi sasa ni za kila siku."

Baada ya wiki tatu mguu ulianza kurudi. Mkono wa kulia ulikataa, ukaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Wifi yangu Tumaini, dada wa marehemu mume wangu, akaja kutoka Ndalambo.

"Wifi, funga nyumba twende kwangu. Utalishwa tu, kazi umeshamaliza."

Alisema kwa upendo, lakini nililia. Kulishwa tu, mimi? Nikamwomba asubiri mpaka mavuno. Nikishindwa kujipikia, nitamfuata bila neno.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo kuliko mwanangu, akaniambia, "Wa kulia tutaendelea kuunyoosha, mama. Ila kuanzia leo kula kwa kushoto." Nikacheka. Mkono ule mama yangu aliuchapa kwa mwiko kila nilipoupeleka kwenye chakula. Leo nina miaka hamsini na miwili, naambiwa nianze nao.

Uji wa kwanza uliishia kifuani. Nikajifunza kufunga kanga kwa meno, na kumenya kitunguu nikiwa nimekibana kwa kiwiko. Ugali ndio ulionitesa. Nikisukuma mwiko, sufuria inakimbia. Siku moja ilinimwagikia mguuni, kovu hili hapa. Ndipo nikazika mafiga nusu yake ardhini, nikayasogeza mpaka yakaibana sufuria isitikisike. Nikasonga wenye madonge, nikasonga mbichi. Kuku wangu walinenepa sana mwaka ule.

Mavuno yalipofika Tumaini akaja. Nikamnawisha kwa mkono wa kushoto. "Niwie radhi, wifi, ndio uliopo." Nikampakulia ugali na maharage. Akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Niongeze," akasema. Kisha akafuta macho. "Basi nitakuwa nakuja mimi kula huku."

Namshukuru Mungu, na yule binti wa mazoezi, na wifi yangu aliyekubali kusubiri. Wenzangu wenye presha, msiache vidonge kwa sababu mmeamka vizuri. Na mwenye mgonjwa nyumbani, usimnyang'anye mwiko. Mwache aunguze, atajifunza.

Chakula cha mchana mtakachokula hapa leo nimesonga mimi, na ninapakua mwenyewe. Anayeona vibaya kupokea kwa mkono wa kushoto, asipange foleni.