Siku Niliyomfokea Baba Mkwe Uwanja wa Shabaha

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyinyi, maana habari hii imeshafika Nyarugusu na Buseresere kwa midomo ya watu, kila aliyeipokea kaitia chumvi yake, na kuna mmoja anaapa kabisa kwamba nilimlenga baba mkwe bastola. Sikumlenga. Nilimfokea tu, mbele ya kadamnasi, nikamwambia akae chini kama mtoto wa chekechea, na nyinyi mnaojua mkamwana wa Kisukuma anavyotakiwa kuwa mbele ya baba mkwe wake mtaniambia kama hapo kuna tofauti kubwa.

Mimi ndiye Mama Limi wa Nyahanga, hapa Kahama. Kazi yangu watu wengi hawaielewi, kwa hiyo niwaeleze taratibu: nje kidogo ya mji kuna klabu yetu ya kulenga shabaha, wanachama ni wanunuzi wa dhahabu wenye bastola za leseni na walinzi wachache wa migodini, na kwa kuwa risasi za dukani ni za shida, klabu ina kibali cha kuokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya kwa ajili ya mazoezi. Mjazaji ni mimi. (Vibali vyote vipo, msianze.) Zamani tulikuwa na mashine ya hatua moja moja, unafanya hatua ya kwanza kwa maganda yote, halafu unarudi mwanzo unafanya ya pili, mpaka mgongo unaanza kukulaani, ndipo mwenyekiti wetu Bwana Salum, mzaliwa wa Tanga, mtu mpole mwenye maneno matamu, akaleta mashine mbili mpya za kujaribu, zile ambazo ukivuta mpini mara moja kila ganda kwenye sahani linafanyiwa jambo lake: hili linatiwa fataki ya kuwashia, lile linapokea baruti, lile linavishwa kichwa, na moja linadondoka limekamilika.

"Mama Limi," akaniambia, "wewe ndiye unayeshinda nazo. Chagua moja, nyingine nirudishe."

Tofauti yake ilikuwa hivi. Ya kwanza, sahani unaizungusha mwenyewe kwa kidole kila baada ya mvuto, inakuchelewesha lakini inakupa nafasi ya kuchungulia ndani ya ganda. Ya pili inajizungusha yenyewe, ukiishika mdundo inatema risasi kama mashine ya bisi, ila haitaki mchezo: mpini ukiuvuta, uvute mpaka mwisho, ukiurudisha, urudishe mpaka mwisho, na ukiusimamisha katikati kwa sababu yoyote ile, toa maganda yote kwenye sahani uanze upya, maana huwezi tena kujua lipi limepata fataki na baruti na lipi limerukwa. Sheria hiyo naifundisha mwenyewe kwa kila anayekuja kujifunza, tena kwa sauti ya ukali. Nikachagua ya pili. Sababu niliyompa Bwana Salum ilikuwa kasi, lakini sababu ya moyoni ilikuwa kwamba inapendeza kutazamwa, na mimi kulikuwa na mtu nilitaka aje anitazame.

Mtu huyo ni Mzee Shija, baba yake mume wangu Baba Limi, mfugaji wa huko upande wa Buseresere. Mzee hakuipenda kazi yangu tangu siku aliyoisikia. Hakuwahi kuniambia mimi, anamwambia mwanawe, kwamba mwanamke anayeshinda na baruti mwisho wake atakuwa mkali, atampandishia mume sauti, atawapandishia wazee sauti, nyumba itageuka kambi. Yakanichosha maneno hayo. Nikamwambia Baba Limi, mwite mzee aje aone kwa macho yake, na akiona haifai, naacha siku hiyo hiyo, sitabishana. Baba Limi akanitazama akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao, na kusema kweli sikuwa nao hata kidogo, kazi ile naipenda kuliko ninavyoweza kueleza, ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo watu huja kuniuliza mimi.

Basi mzee akaja, na akaja siku niliyoipanga kwa kiburi changu, siku ya mashindano ya kirafiki na wageni kutoka klabu ya Geita. Baba Limi alitakiwa awepo, lakini karasha lake la kusaga mawe huko Nyarugusu lilikatika mkanda asubuhi hiyo, kwa hiyo nikabaki karakana peke yangu nikimsubiri mkwe wangu na mashine yangu inayong'aa.

Sasa sikilizeni upumbavu ulivyoanza. Mashine ile ina kengele ndogo ya betri, kazi yake ni kulia ganda likipita bila baruti ya kutosha. Asubuhi hiyo nilipokuwa naipasha moto ikawa inalia ovyo, tii, tii, hata ganda likiwa limejazwa sawasawa, bila shaka nilikuwa nimeifunga vibaya. Mtu mwenye akili angekaa akairekebisha. Mimi nikawaza, mzee akisikia inalia lia hivi atasema mashine ni mbovu na mkamwana hajui kazi. Nikatoa betri nikaitia mfukoni. Uamuzi wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko kukuna pua.

Mzee akaingia. Kofia ya pama, koti, fimbo. Mimi nilikuwa katikati ya mvuto, mpini umefika nusu, lakini mkono uliuachia wenyewe, nikashuka magoti yote mawili sakafuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Na mnajua salamu za kwetu Usukumani haziishii hapo. Akauliza watoto, akauliza mvua ya Kahama, akauliza mahindi, akauliza mama yangu na goti lake, yote hayo mimi niko chini, na mpini uko hewani umesimama nusu. Alipomaliza nikainuka. Sheria yangu mwenyewe inasema toa maganda yote. Lakini mzee alikuwa ameshaegemea fimbo ananitazama, na kutoa maganda ilikuwa ni kama kukiri kwamba nimeharibu kitu hata kabla sijaanza. Nikaushika mpini nikaumalizia, risasi ikadondoka, ina rangi nzuri kabisa, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikajiambia mbona mambo safi.

Halafu akatoka kwenda kusikiliza simu, akarudi. (Mzee amerudi, utaendelea kuvuta chuma umempa mgongo?) Magoti chini. Akaniuliza hivi vichwa vya risasi ni madini ya risasi kweli au ni chuma tupu. Ukijibu swali la baba mkwe unajibu ukiwa chini. Magoti chini. Akapita fundi wa bomba, mzee akapiga naye soga, akanigeukia kuniuliza kama huyo ni wa ukoo fulani. Magoti chini. Kila mara mpini umeachwa pale ulipofika, kila mara narudi naumalizia kwa tabasamu, na betri iko mfukoni kwangu, maana kengele bila betri ni pambo tu. Nikajaza boksi zima namna hiyo. Mzee akanishukuru, "Wabeja. Kazi hii ina heshima kumbe." Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Mchana uwanja ulijaa. Wageni wa Geita wamevaa fulana za aina moja, nyama inachomwa pembeni, mpishi anapita na sinia la soda, na Mzee Shija kapewa kiti cha mbele nyuma ya kamba. Mimi ndiye niliyesimamia mstari, nikiwa na filimbi shingoni, na kwa mbwembwe zangu nikatangaza kwa wageni kwamba risasi za wenyeji zimejazwa leo leo, na baba mkwe wangu ni shahidi. Watu wakapiga makofi. Mzee akanyanyua kofia.

Bwana Salum akafungua mashindano kwa heshima ya uenyekiti. Amevaa shati jeupe la kupigwa pasi. Ya kwanza ikalia sawasawa. Ya pili, kimya, nyundo ya bastola imegonga tu, tak. Akasubiri kama tunavyofundisha, akaitoa, na pamoja nayo zikamwagika chembe za baruti kwenye lile shati, maana ganda halikuwa na fataki, chini kuna tundu. Wageni wakaguna. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba hutokea. Akaendelea. Ya tatu ikasema puf.

Mimi sauti hiyo naijua. Ni sauti ya ganda lisilo na baruti, fataki imewaka peke yake, imekisukuma kichwa kikaingia kwenye mtutu kikakwama humo humo, na anayepiga nyingine nyuma yake anapasua bastola mkononi. Bwana Salum hakuijua. Alichungulia shabaha kwa mbali, akasema kwa upole wake, "Hii naona imepita pembeni," akakaza mikono apige tena.

"ACHA! WEKA CHINI!"

Filimbi niliisahau. Ilitoka sauti ambayo sikujua ninayo, ng'ombe wa jirani waligeuka. Bwana Salum, mtu mzima mwenye wajukuu, akaiweka bastola mezani akanyoosha mikono juu kama mwizi. Na hapo hapo, pembeni ya jicho, naona pama inasogea: mzee kavuka kamba, anakuja kuona kulikoni, moja kwa moja kuelekea kwenye meza yenye bastola ambayo bado haijafunguliwa.

"NA WEWE! KAA CHINI HAPO HAPO!"

Alikaa. Mzee Shija, mwenye zizi linalojulikana wilaya nzima, alikaa kwenye vumbi na koti lake, fimbo mapajani.

Ndipo akili ikanirudia, nikaona ni nani niliyemfokea, na mwili wangu ukafanya kitu pekee unachokijua mbele ya mtu huyo: nikapiga magoti puu! Sasa wale wageni wa Geita wao hawajui mambo ya mkwe na mkamwana. Wao wamesikia mlio wa ajabu, wamesikia kelele, halafu wanamwona msimamizi mwenyewe anajitupa chini. Wakalala wote. Fulana za aina moja, mstari mzima, vifudifudi. Mpishi akalala na sinia, soda zikabingirika mpaka miguuni kwa Bwana Salum ambaye naye alikuwa anashuka polepole kwa sababu ya nyonga, mikono bado iko juu. Hakuna mtu aliyebaki amesimama uwanja ule isipokuwa mbuzi wa zawadi aliyefungwa kwenye nguzo.

Na mimi nikasema, "Shikamoo baba."

Halafu kutoka kwenye vumbi, "Marahaba."

Tukaifungua ile bastola. Kichwa kilikuwa kimekaa katikati ya mtutu kama punje kooni. Bwana Salum alikiangalia, akaviangalia vidole vyake kimoja kimoja, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa. Nikatangaza kwamba boksi langu lote lisiguswe, hakuna risasi yangu itakayopigwa leo, na kosa ni langu. Nilijua ninachokitangaza. Niliona kazi yangu inaondoka mbele ya macho yangu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa ametabiri hivi hivi, kwamba nitawapandishia wazee sauti, na nimewapandishia wawili kwa mpigo.

"Lakini ilikuwaje, Mama Limi?" Bwana Salum akauliza. "Wewe si mtu wa kukosea."

"Nilisimamisha mpini katikati."

"Kwa nini?"

Utasema nini? Utasema mbele ya watu kwamba baba mkwe ndiye chanzo? Nikakodolea macho viatu vyangu. Mzee akajikung'uta vumbi, akaja na fimbo yake.

"Alikuwa ananisalimia mimi," akasema. Akanigeukia. "We mama, mimi nikikamua ng'ombe, hata mama yangu mzazi alikuwa hanisalimii mpaka nimalize. Mbona hukuniambia na hii inakamuliwa?"

"Niliogopa, baba."

"Na kule mezani hukuogopa?"

"Niliogopa zaidi, baba. Ungeumia."

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu mpaka nyama ikaanza kunuka kuungua. Kisha akamwambia Bwana Salum, siyo mimi, "Huyu aendelee. Mtu wa kuwakalisha watu chini namna hii, mkimwachisha mtauana." Akaomba soda. Mimi nikaenda nyuma ya karakana nikalia kilio changu chote, halafu nikaingia ndani kuvunja risasi zangu moja moja huku Geita wakipiga zao za dukani na kuondoka na mbuzi.

Kwa hiyo ukiniuliza leo uchague mashine gani, sitakuuliza unataka kasi kiasi gani, nitakuuliza kwenu mnasalimiana vipi. Mimi nilirudisha ile ya kujizungusha, nikachukua ya kidole, na kengele yake hata ilie usiku kucha siigusi. Mwezi uliofuata tukaenda Buseresere kwenye msiba wa jamaa, nikaingia uani wamekaa wazee na Mzee Shija katikati yao, nikashuka magoti kusalimia, na wale wazee wote wakateremka kwenye viti vyao wakakaa chini. Alikuwa ameshawasimulia. Alicheka mpaka akapaliwa, na msibani, jamani.

Nimeapa kwamba nikiwa nimeshika mpini hata aje nani salamu itasubiri, na wote wamekubali, hata Bwana Salum sasa anakohoa mlangoni kwanza. Lakini mbele ya yule mzee magoti yangu hayajui kiapo, yanashuka yenyewe, kwa hiyo siku nikisikia yuko njiani nafunga karakana, naenda zangu nyumbani kumsongea ugali.