Ng'ombe Aliyesikia Yote

Mama alipopigwa na kiharusi, kitu cha kwanza kuisha nyumbani kwetu Katubuka kilikuwa shikamoo. Watu waliingia chumbani, wakamtazama, wakaulizana wao kwa wao, "Ameamkaje leo?" Asiyeweza kuitikia marahaba ataamkiwa ili iweje? Hata mimi, niliyemlisha uji na kumgeuza ubavu, asubuhi nilifungua pazia tu na kuanza kazi.

Kilichonivusha siku zile ni riwaya moja niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stesheni. Msimulizi wake ni ng'ombe. Mwanzoni niliona ni utani wa kitoto, kisha nikanogewa. Ng'ombe yule alikuwa na ulimi mkali kama wa mama yangu mdogo. Aliwasema wenye boma mmoja mmoja: nani anamkamua kwa pupa, nani anagombana na mkewe halafu fimbo inamshukia yeye ng'ombe. Nilisoma kwa sauti, kwa raha yangu mwenyewe, nikicheka peke yangu kando ya kitanda. Daktari alikuwa ametuambia Mama haelewi tena kitu. Sikuwa nikimsomea yeye.

Jumapili moja mama mdogo alishuka kutoka Kalinzi kwa bodaboda, na mkungu wake wa ndizi. Yeye na kaka yangu mkubwa wakakaa chumbani humo humo, huyu upande huu wa kitanda na yule upande ule, wakaanza kubishania mahali pa kumzika Mama.

"Dada atalala Kalinzi, mgombani, ubavuni kwa mumewe," alisema mama mdogo. "Hilo halina mjadala."

"Mama mdogo, mvua ikinyesha ile barabara gari haipandi. Tutamzika hapa hapa mjini."

"Umtupe dada yangu kati ya watu asiowajua? Na mbele yake unasema?"

"Hasikii huyu. Huyu alishakwenda."

Nilikasirika, lakini ni wakubwa zangu, nikashika kukunja shuka. Walipotoka kwenda uani nilifungua kitabu ili nisilie. Katika sura iliyofuata wenye boma wamesimama mlangoni mwa zizi, wanapanga siku ya kumchinja ng'ombe. Anasema walipanga huku mmoja wao akimkuna shingo, naye akasikia kila neno, akaendelea kucheua, maana hakuwa na la kufanya.

Hapo nikahisi khanga yangu inavutwa. Mama alikuwa ameshika pindo kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu kidogo. Nikadhani ni misuli tu. Nikavibandua vidole, vikarudi. Machozi yalikuwa yakimshuka kwenye shavu mpaka sikioni.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Vidole vikabana.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mama yangu alikuwa ameionja akiwa hai, siku zote zile, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nilimpangusa uso. Kisha, kwa kuchanganyikiwa, nikauliza swali la kijinga.

"Mama, tukupeleke Kalinzi?"

Vidole vikatulia.

"Tukuache hapa mjini?"

Vikatulia vile vile. Nikaona haya. Mtu anapumua, nami namuuliza habari za kaburi.

"Basi niendelee kusoma?"

Akabana mpaka kucha zikanichoma pajani.

Nilikuwa nimekwisha kuchungulia ukurasa wa mwisho, na nilijua ng'ombe haponi. Sikuruka mstari hata mmoja. Nilisoma namna anavyoogopa, namna anavyolikumbuka ziwa alilokuwa akinywea maji, na maneno ya kejeli aliyowawekea wenye kisu. Nilipofika kwenye kejeli, mdomo wa Mama, upande wake mzima, ulisogea kidogo. Alikuwa anacheka.

Nje, chini ya dirisha, kaka alikuwa kwenye simu na seremala. Alikuwa anamtajia kimo cha Mama.

Nikapandisha sauti, nikasoma.