Hodi ya Madamu

Madamu wa foye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, alikuwa amesomea Ulaya kazi ya kusaidia familia, na sasa alimfundisha Mwamvita na wenzake kutembelea nyumba za Kasongo. Kwenye kila mlango alisema "Hodi, karibu!" kwa pumzi moja, akijijibu mwenyewe, na kabla mwenyeji hajainuka, vidole vyake vilikuwa juu ya kifuniko cha chungu. "Munakula muhogo tu?" Siku ile kwa mama Faida alijikaribisha vilevile, akafunua pazia. Wanawake walikuwa wakimwosha mtoto aliyefariki alfajiri. Kata ya maji ikasimama hewani. Madamu akarudi kinyumenyume mpaka uani, mikono kifuani. "Hodi," akasema. Safari hii hakujijibu; akangoja.